Homa Bay miaka ya tisini: harusi ilivyofuta penalti niliyodaka

Wakuu, habari za mchana.

Nimesoma ule uzi wa sponsors na kamera, na jinsi vijana wa vyuo wanavyochaguliwa siku hizi kwa clips za simu. Wengi mnasema haya ni mambo mapya. Si mapya. Mimi yalinipata miaka ya tisini na nitayaeleza yalivyokuwa. Chumvi mtaongeza wenyewe.

Nilikuwa nasomea ualimu kwenye chuo kimoja upande wa Migori, na nilikuwa kipa. Kipa wa benchi, tusidanganyane.

Kipa namba moja alikuwa Ouma, kijana wa kisiwani Mfangano, mrefu, mikono kama makasia. Ouma alikuwa Msabato. Na si Msabato wa jina tu.

Mwaka huo kampuni moja ya samaki ya Homa Bay, wale wa kukata minofu ya mbuta na kuipeleka ng'ambo, ikadhamini mashindano yetu ya vyuo. Tukaletewa mipira, viatu, na jezi zenye picha ya mbuta kifuani, mdomo wazi. Tulizivaa kwa fahari, msicheke.

Lakini jezi haikuwa kitu. Kampuni hiyo ilikuwa na timu ya ligi Mombasa, kwenye ofisi zao kuu, na wachezaji wake walikuwa wameajiriwa. Unacheza mpira na mwisho wa mwezi unalipwa.

Kocha wa timu hiyo hangeweza kufika kwenye fainali. Basi afisa wa michezo wa kampuni, Bwana Oluoch, akatutangazia kwamba fainali itapigwa video, kocha atakuja baadaye, ataangalia, atachagua wachezaji wawili.

Kuanzia hapo kamera ndiyo ilitupangia kila kitu.

Fainali zetu siku zote zilikuwa Jumapili. Mwenye kamera alikuwa na nafasi Jumamosi pekee. Fainali ikahamishwa.

Ouma akamfuata Oluoch uwanjani, mimi nikiwa hapo hapo nakunja neti.

"Mzee, Jumamosi mimi siwezi. Ni Sabato."

"Kijana yangu, kamera ni moja. Jumapili iko na harusi, tena ya watu wa kanisa lenu."

Ouma akacheka. "Hiyo harusi naijua. Mimi ndio naimba bass."

Kwa wasiojua, Wasabato hawafungi harusi Jumamosi. Wanafunga Jumapili. Kwa hiyo Sabato ilimzuia Ouma kucheza Jumamosi, na hiyo hiyo Sabato ndiyo iliyoichukua kamera Jumapili.

Nilimhurumia? Ndiyo. Nilifurahi pia, na furaha ilikuwa kubwa zaidi. Nafasi ile niliitaka kuliko cheti cha ualimu.

Ijumaa, kabla jua halijazama, Ouma akanitoa nje tufanye mazoezi wawili tu. Hakununa hata kidogo. Akanipigia mipira mpaka mikono ikawaka moto, kisha akanipa siri ya nahodha wa wapinzani wetu.

"Omera, ndugu yangu, yule akipiga penalti anakudanganya na macho. Wewe wachana na macho. Angalia ule mguu anasimamia."

Jua likaanza kushuka, na kwao Sabato huanza jua likizama, akachukua taulo akaenda zake.

Fainali tukaichezea Homa Bay, jua la utosini, maana kamera ilitaka mwanga. First half Marwa, mshambuliaji wetu kutoka Ntimaru, akafunga bao safi kwa kichwa. Mimi sikuguswa. Ninasema sikuguswa: nilisimama tu golini.

Second half tukabanwa kama dagaa. Dakika za mwisho beki wetu akashika mpira kwenye boksi. Penalti.

Nahodha wao akatazama kushoto kwangu. Nikatazama mguu. Nikaruka kulia, mpira ukanipiga kiganjani ukatoka nje. Filimbi ikalia muda mfupi baadaye na nikabebwa juu juu.

Nilijua Mombasa nimefika.

Wiki iliyofuata kocha akaja chuoni na Oluoch. Baada ya lunch tukajaa dining hall mbele ya TV. Kaseti zilikuwa mbili, moja kwa kila kipindi, na mwenye kamera alikuwa hajaziandika chochote.

Ya kwanza ikaenda vizuri. Bao la Marwa likarudiwa mara tatu na kocha akaandika.

Ya pili ikawekwa. Ikatokea kwaya.

Tukangoja ipite. Haikupita. Jumapili mwenye kamera aliishiwa na kaseti, akachomeka ile aliyoiona karibu, akarekodi harusi juu ya kipindi chetu cha pili. Bibi harusi akaingia. Keki ikakatwa. Wajomba wakahutubia. Ouma yuko pale safu ya nyuma, shati jeupe, anaimba bass kwa roho yake yote. Dining hall nzima ililala kwa kicheko. Mimi nilitaka kulia, na nilikuwa mtu mzima.

Mwisho kabisa wa kaseti harusi ikakatika. Likabaki vumbi, kelele, na mimi nimebebwa juu.

"Huyu amefanya nini?" kocha akauliza.

"Amedaka penalti!" watu wakapiga kelele. Hata Oluoch, ambaye alikuwepo uwanjani siku ya fainali, akasimama kunitetea.

Kocha alikuwa mpole. Akasema, "Sikatai. Lakini nimekuja kuona, sikuja kusikiliza."

Akamchukua Marwa, na beki mmoja wa wapinzani. Kaseti ikapelekwa kwa maharusi, na ni haki yao.

Watu walipotoka, Ouma alibaki. Katika timu yetu, yeye ndiye pekee ambaye hakuiona ile penalti uwanjani.

"Nionyeshe," akasema.

Tukasukuma meza. Nikaruka kulia kwenye sakafu ya simenti, kiwiko kikachubuka. Ouma akatazama kwa makini, akatikisa kichwa.

"Ulichelewa kidogo. Lakini umedaka."

Nikawa mwalimu. Sijutii sana.

Funzo langu ni dogo: mdhamini akileta kamera, jua kwamba kisicho kwenye kamera hakikutokea, hata uwanja mzima ukiapa. Vijana wenu wachukuliwe clips na watu wawili. Waliowahi kukosa nafasi kwa njia kama hii, mlango uko wazi, semeni yenu.

Na kama wazazi wako walifunga harusi ya Kisabato Homa Bay miaka hiyo, na mwisho wa kaseti yao kuna kijana wa jezi ya samaki amebebwa juu, wasiyemjua, waambie ni mimi. Nilidaka penalti.