Oleta Kwenye Kiti cha Abiria

Oleta Burleson hakuwa mtu wa kuendeshwa. Maisha yake yote ya kazi alishika usukani wa basi la shule katika milima ya Spruce Pine, akipanda na kushuka mabonde, akawabeba watoto, na baadaye watoto wa watoto hao. Kila Oktoba, majani ya miti yakigeuka mekundu na ya manjano kabla ya baridi, milima ile huwaka rangi, hata watu hutoka miji ya mbali kuja kuitazama tu. Oleta yeye aliijua kwa jambo moja: majani yakilowa, barabara huteleza kama sabuni.

Mwaka aliostaafu alianguka ngazini akichuma matofaa, mkono ukavunjika na kufungwa plasta. Akawa anashinda dirishani, amenuna. Ndipo Jumamosi moja asubuhi honi ikalia nje. Alikuwa rafiki yake Verdie, mjane aliyejifunza udereva uzeeni, na aliyemfundisha ni Oleta huyohuyo, katika uwanja wa kanisa, kwa kelele za kumtoa nyoka pangoni.

"Toka, shoga! Utaota ukungu humo ndani. Leo nakupandisha mlimani."

"Unipandishe wewe?"

"Kwani nani kanifundisha?"

"Ndiyo maana naogopa."

Hata hivyo alipanda. Verdie aliendesha polepole, kidevu juu ya usukani, na nyuma yao magari yakajipanga kama msafara wa mazishi. Kila kona Oleta alikanyaga breki isiyokuwapo.

"Ukikanyaga tena sakafu itatoboka," Verdie akasema. "Tulia, mwenzangu. Hunioni nina macho?"

"Nakuona. Basi yaweke barabarani!"

Wakaingia kwenye ukungu. Dunia ikapungua ikawa mstari mweupe wa pembeni na shina moja moja la mti, linatokea, linapotea. Walipanda hivyo kitambo, kama watu wanaopita ndani ya usingizi wa mtu mwingine, mara gari likachomoza juani.

Mawingu yalikuwa chini yao. Yalijaa mabonde yote, meupe, yametulia tuli, na migongo ya milima ikaelea juu yake, mmoja mwekundu, mwingine wa manjano, na wa nyuma kabisa wa buluu, uliofifia ukaungana na mbingu. Upepo ukapita. Majani yakamwagika barabarani bila sauti, mengine yakiruka kando ya kioo kana kwamba yana safari zao.

Oleta alisahau breki. Alimkumbuka Junie, mtoto wa kiti cha mbele, aliyekuwa akipiga kelele kila mwaka basi lilipofika palepale: "Bi Oleta, angalia! Angalia!" Naye alimjibu kila mwaka, "Nikiangalia mimi, kona ataangalia nani?" Watoto wote walicheka, na basi likapita.

"Verdie," akasema taratibu, "hivi ndivyo ilivyokuwa siku zote?"

"Ilivyokuwa nini?"

"Huku. Hivi."

Verdie akamtazama kwa jicho la pembeni, akaona rafiki yake ana machozi, akarudisha macho barabarani. "Siku zote," akasema. Halafu, kwa kuwa hakupenda kumwona mtu analia, "Kula andazi."

Wakasimamisha gari, wakaketi ukingoni wakala maandazi ya tofaa, wakanywa kahawa ya moto kutoka chupa ya chai, miguu yao ikining'inia juu ya mawingu. Hawakuzungumza la maana. Waliporudi garini jua lilikuwa limepasha viti, nao mwanga wa njano ukawa unapita usoni mwa Oleta, ukija, ukienda, ukija. Akaegemeza kichwa kiooni. Alihisi kona zikimbembeleza, kushoto, kulia, wala hakuhesabu hata moja.

Alipofumbua macho aliona mto, na jua limeshainama.

"Mbona tuko mtoni? Nyumbani tumepapita?"

"Mara mbili," Verdie akasema. "Ulikuwa unakoroma kama trekta. Nikaona dhambi kukuamsha."

Oleta akajifuta mate shavuni. Nje, majani yalikuwa yanashuka na maji, taratibu, moja nyuma ya jingine.

"Mafuta yapo?"

"Yapo."

"Basi zungusha tena," akasema, akavuta koti hadi kidevuni.