Dawa Iliyotaka Maji

Harufu ya dawa ya wadudu wa pamba hainitoki puani. Juzi ilinifuata hadi darasani kwangu Somanda, ikitoka duka la pembejeo la jirani. Nilikuwa nawafundisha wasichana kuandika programu za kompyuta, kwa chombo cha kujifunzia nilichokiunda mwenyewe. Mmoja alikosea, skrini ikamjibu kwa Kiingereza cha maandishi mekundu. Akabonyeza kitufe kilekile tena, na tena. Nikamkumbuka baba.

Miaka yote baba alipata dawa kutoka chama cha ushirika. Ilikuwa ya mafuta, haichanganywi na kitu. Unaimimina kwenye bomba la kunyunyizia linalotumia betri na kuingia shambani. Soko lilipofunguliwa kwa watu binafsi, wafanyabiashara wakaja na chupa mpya. Baba alinunua moja akanipa nimsomee, maana yeye hakujua kusoma na mimi nilikuwa darasa la nne. Nikasimama wima kama msomaji wa kanisani, nikasoma Kiingereza chote bila kuelewa hata neno moja. Baba alicheka sana, akasema nyumba yake sasa ina mzungu. Kisha akaimimina dawa ile tupu kwenye bomba akaingia shambani, kama alivyozoea.

Alirudi jioni akitokwa machozi na mate.

"Mama Limi, nishike," alimwambia mama. "Mwili huu si wangu."

Majirani walimpeleka hospitali kwa baiskeli. Walimrudisha amefunikwa shuka.

Kwa kuwa alinuka dawa mwili mzima, majirani walisema ameinywa. Mama hakubishana nao. Aliacha tu kwenda kisimani saa za wenzake, na sisi wanawe tukaitwa watoto wa mnywa dawa. Niliwachukia wote waliotuita hivyo.

Chupa ile mama hakuitupa. Nilipofika sekondari niliishusha darini nikaisoma upya, sasa nikielewa. Dawa ile ilitaka kuchanganywa: maji mengi, dawa kidogo. Nikamweleza mama.

"Kwa hiyo hakunywa?"

"Hakunywa, mayu," nilimjibu mama.

Alikaa chini, akalia kwa sauti. Ndipo nikajua kuwa hata yeye, miaka yote ile, hakuwa na hakika.

Juzi, wasichana walipoondoka, niliyafuta yale maandishi mekundu. Sasa chombo changu kinamwambia mtu kwa Kiswahili alipokosea na afanye nini. Baba hakuwa mjinga. Alifanya kama alivyofundishwa. Dawa ndiyo iliyobadilika, na hakuna aliyemwambia.