Benchi za Baba

Moshi wa mbao za saipresi ulinifikia kabla sijafika jikoni, nyuma ya kanisa. Kule mbele mchungaji alikuwa bado anamsifu baba yangu, fundi wa mbao, kabla twende tumzike. Waombolezaji walikalia viti vya plastiki. Huku nyuma benchi alizolitengenezea kanisa hili zilikuwa zinachemsha chai, zimepasuliwa kuni.

Nilikuwa mdogo alipozitengeneza, kwa ile baridi ya Kuresoi, randa ikimwaga maranda yenye harufu hiyo hiyo. Benchi ikiisha, ananibeba, ananisimamisha juu yake. "Ruka, mama." Naruka. Ikitoa hata kasauti kadogo, anaifungua yote, anaanza upya. "Watu hawawezi kuomba wakisikiza benchi," anasema.

Ilikuwa imebaki benchi moja nzima. Mpishi mmoja akainua shoka.

"Nani amewaambia mpasue hizi?"

"Ni kamati ya kanisa, mathe. Ni za zamani."

Za zamani! Nikapanda juu ya benchi na viatu vyangu vya kanisa, nikaruka kwa nguvu zangu zote, na uzito wangu huu wa mtu mzima, wapishi wakinikodolea macho.

Haikutoa sauti.

"Haya," nikamwambia yule wa shoka. "Iite hiyo kamati ije isikize."