Ya Zamani Kwanza

Pale Maguu hapakuwa na mwanamke aliyewadharau wenzake kwa raha kama Notburga, na dharau yake yote ilitoka kwenye vihenge vyake viwili. Kimoja kilikuwa na mahindi ya mwaka jana, kingine ya mwaka huu. Kila Januari, majirani walipoanza kupita njiani na vifurushi vya unga wa dukani, yeye alitoka kusimama uani makusudi, awaone na wao wamwone.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naona mmetoka kuvuna dukani."

Aliyemkera zaidi ni jirani yake, Gaudiosa. Mwanamke mzima, ana mashimo ya ngoro, yale ya kulimia mlimani, yamejaa mteremko mzima, lakini mahindi yake yalipanda lori la walanguzi kabla hayajakauka sawasawa. Watu wa Mpepai nao aliwaita wauza njaa. Wa ziwani, walao makopa, hawakustahili hata kusengenywa, ingawa usipa, dagaa wao, aliununua kila mwaka na kuufungia mpaka ukanuka.

Dharau hii ilikuwa na chanzo. Alipokuwa binti kwao Matiri, mwaka wa njaa, mama yake alimtuma kwa jirani na bakuli. Akarudishwa na bakuli tupu, na kicheko kikamsindikiza hadi barabarani. Basi akaapa kwamba hataomba chakula tena maishani, na kiapo akakitimiza.

Ila alikitimiza kipumbavu. Sheria ya nyumba yake ilikuwa moja: yaliwe ya zamani kwanza, mapya yasiguswe. Akiba haiozi, alipenda kusema, na huku inaoza mbele ya macho yake. Punje za zamani zilikuwa maganda matupu, unga wake mchungu, ugali wake rangi ya majivu. Na ile akiba mbovu ilipokaribia kwisha, fukusi walikuwa wameshaoana na kuzaa wajukuu ndani ya mapya. Kwa hiyo mwaka baada ya mwaka nyumba yenye vihenge viwili ilikula ugali mbaya kuliko wa Gaudiosa asiye na kihenge. Watoto waliliona hilo mapema wakahamia Mbinga mjini. Binti mkubwa, Asteria, akija kusalimia alibeba unga wake kwenye mkoba kama mtu anayekwenda porini. Mama mtu aliuita ule ulegevu wa mjini.

Aliyebaki ni mumewe, Raimundi, mkulima wa kahawa, mpole wa kupitiliza. Yeye alikula. Alitafuna, akameza, akasema asante.

Mwaka huu, mavuno yalipokwisha kuingia ndani, Raimundi akaugua tumbo. Kila chakula kilimshinda. Mchana mmoja akamwita mkewe.

"Mama Asteria, nisongee ugali wa mahindi mapya. Kidogo tu."

"Mapya yapo, baba Asteria, hayakimbii. Tumalize kwanza haya."

Aliomba tena baada ya siku kadhaa, na safari hii Gaudiosa alikuwa amekuja kumjulia hali. Notburga aliona aibu, tena aibu ya kuombwa chakula na mumewe mbele ya mwanamke wa namna ile.

"Mama, mpe mgonjwa anachotaka," Gaudiosa alisema taratibu. "Kama ni unga, hata mimi nitaleta."

"Unga wako? Mume wangu hajawahi kula unga wa kununua, na hatauanzia kitandani!"

Akasonga ule ule wa siku zote. Raimundi akamega tonge moja, akaliweka pembeni ya sahani, akageukia ukutani.

Hakufika mwezi wa nane.

Wanawake wa jumuiya walikuja kupika, Gaudiosa akiwa mbele yao. Notburga, amekaa mkekani na kanga yake ya msiba, akaagiza kifunguliwe kihenge cha zamani. Gaudiosa alikwenda, akarudi, akakunjua kiganja mbele yake. Kilikuwa vumbi na fukusi wanaotembea.

"Mama, waombolezaji hawalishwi hivi."

Hawakungoja ruhusa. Walifungua kile kipya, wakakimbilia mashine, na jioni ugali mweupe ukajaa ua mzima. Wa Mpepai walikula, wakwe kutoka ziwani walikula, wakasifu. Naye akaletewa sahani. Alimega tonge, akatia mdomoni, na lilikuwa tamu. Utamu huu hakuwa ameuonja tangu alipokuwa bibi harusi. Alitaka kulitema akashindwa, machozi yakamtoka, na wanawake wakamshika mabega wakidhani analia kama wajane wote. Yeye alikuwa akitafuta mtu wa kumdharau katika ule umati, na hakumpata ila yule aliyekaa mkekani.

Matanga yalipoondolewa, kihenge kipya kilikuwa nusu, na cha zamani hakijapungua. Asteria akachota ungo mmoja wa yale mabovu, akapepeta kidogo, vumbi likamkohoza.

"Mama, haya si tuyamwage tu?"

"Usimwage," Notburga alijibu kwa mazoea, bila kuinua kichwa. "Baba yako atayamaliza."

Asteria akauweka ungo chini.