Ratiba ya Sindano na Hesabu

Asije mtu akaniambia Torpekai hakuwa na akili. Mimi ni jirani yake hapa Kandahari, ukuta wetu mmoja na tanuri yetu ya mikate moja, na sijaona mwanamke aliyejua kupanga siku kama yeye. Shule za wasichana wakubwa zilipofungwa, sisi wengine tulilia tukanyamaza. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu, naye akarudishwa nyumbani. Akafuta machozi, akaketi kuwapangia masomo binti zake wawili, Wazhma na Storai.

Hakupanga kwa saa. Alipanga kwa mama mkwe. Ajuza yule akishaswali alfajiri hulala tena mpaka jua lipande, basi hapo ndipo palipokaa hesabu, maana hesabu inataka kichwa kibichi na nyumba kimya. Unga ukiwa unaumuka, historia, kwa mdomo, huku wanapanga kuni. Umeme ukija, hata kama sufuria iko jikoni, kila kitu kinaachwa na somo la fizikia linasikilizwa kwenye simu. Ijumaa hakuna somo, wageni wengi.

Na mtu akibisha hodi? Vitabu chini ya godoro, sindano mkononi, leso mapajani. Nani atamuuliza msichana wa Kandahari kwa nini anatarizi?

Wazhma alikuwa amebakiza kitabu kimoja tu cha hesabu. Akikimaliza, masika angefanya mtihani wa chuo cha mbali kinachofundisha ukunga kwa simu. Baba yake, Hamdullah, muuza zabibu kavu, alikuwa ameahidi: "Mpaka amalize, simwozi mtu." Ahadi hiyo Torpekai aliishikilia kwa meno.

Sasa, hodi zilikuwa nyingi, na kila hodi iliacha mshono. Mtoto ana mkono mwepesi yule! Haukupita muda sanduku likajaa leso za kiume, nyeupe, za uzi wa hariri, kazi safi mpaka unaogopa kuigusa. Na kwetu leso ya kiume haitariziwi bure. Siku ikitoka ndani imefunika sinia ya peremende, ikawekwa mbele ya waposaji, binti ameshatolewa. Torpekai alilijua hilo tangu utoto. Lakini akili yake yote ilikuwa chini ya godoro.

Nilimwambia, "Mama Wazhma, si umpe mtoto ashone hata foronya? Hizo leso zinasema."

"Acha wee, dada! Wakiona leso hawapekui godoro."

"Godoro hawalitaki. Wanamtaka mtoto."

"Wamtake tu. Baba yake kashasema."

Kweli wakaja, wanawake wa nyumba ya muuza matairi, kumposea kijana wao. Mara ya kwanza Torpekai akawapa chai na visingizio. Mara ya pili vilevile. Mama mkwe akanuna wiki nzima. "Kizuri chajiuza," akawa ananung'unika, "nyie chenu mnakifungia kioze?"

Mara ya tatu walikuja wakati wa mikate. Torpekai alikuwa kwangu, ameinama kwenye tanuri, mkono wote ndani anabandika donge, huku ananiambia kwa furaha kwamba Wazhma ameanza sura ya mwisho. Mara tukasikia dufu. Dufu nyumbani kwake! Mkate ukamponyoka ukaangukia makaa, naye hakuutazama. Alikimbia na unga mikononi, nami nyuma yake.

Sinia ilikuwa tayari magotini kwa mama wa kijana, peremende zimejaa, leso ya Wazhma juu yake.

"Mama, umefanya nini?" Torpekai aliuliza.

"Nimefanya ulichokuwa unakiandaa muda wote huu," alijibu ajuza, uso umemng'aa. "Sanduku zima la leso! Nikajua unaona haya tu kusema."

Hakuwa na hila yule kikongwe, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wazhma alikuwa pembeni, amekalia kitabu, mkononi ana sindano. Hakulia. Wageni walimsifu kwa haya zake.

Jioni Hamdullah alirudi. Niliwasikia kupitia ukuta.

"Uliahidi, baba Wazhma."

"Niliahidi kabla ya leso. Imeshatoka mlangoni kwangu. Nikaidai vipi? Unataka niuane na watu? Maji yakimwagika hayazoleki, mama."

Aliolewa kabla ya masika. Sanduku la leso alikwenda nalo. Kitabu kilibaki, na kule kwa muuza matairi bibi arusi hashiki simu. Nilimchukia Hamdullah, nikamchukia ajuza, nikayachukia mpaka matairi barabarani.

Juzi niliingia kwa Torpekai kuazima chachu. Amepanga upya, sasa kwa ajili ya Storai peke yake. Alfajiri hesabu, kama zamani. Adhuhuri ameongeza somo jipya, na nikalikuta linaendelea. Storai alikuwa ametarizi ua dogo, limekaa vizuri kabisa, akamwinulia mama yake huku anacheka.

Torpekai alilitazama sana. Kisha akachukua wembe akalifumua lote.

"Nimekosea wapi, mama?"

"Umepatia," alisema. "Shona vibaya, mwanangu. Pindisha mshono, uvute uzi mpaka kitambaa kikunjamane."

Mtoto akajaribu. "Hivi?"

"Vibaya zaidi."