Simu Iliyofunika Sikio

Mjukuu wangu alijifungua ng'ambo, mahali ambapo hakuna mwanamke wa kwetu hata mmoja. Na kwetu mtoto hapewi jina la ukoo hivi hivi. Kina mama humtajia waliotangulia, mmoja mmoja, na yule atakayetajwa mtoto akapiga chafya, huyo ndiye amerudi. Wa kutaja nimebaki mimi. Shule sikufika mbali, lakini wafu wetu ninao wote, hata wale waliokufa wakinyonya.

Tukapanga tufanye kwa simu ya video, asubuhi, mtoto akishaoshwa. Mjukuu alikataza mtu yeyote kumwita mtoto chochote mpaka nimalize, na wakwe zake walikuwa wamechoka kungoja.

Simu yangu ya zamani ilikuwa imeanguka kwenye ndoo ya maziwa. Mwanangu akaninunulia nyingine, akaingiza nambari ya hiyo simu kwenye Wi-Fi ya nyumbani, akaenda zake kazini Sotik. Wi-Fi yetu inachagua. Ilipokuja, watu waliongoja lori la majani pale kituo cha kupimia chai walikuwa wakijipanga kwenye ua wangu kutazama mpira, neno la siri wanalijua kama Baba Yetu. Ndipo mwanangu akaiambia ikubali vifaa vya nyumbani tu.

Asubuhi hiyo ikanikataa mimi. Mke wa mwanangu akaandika neno la siri pole pole, ikakataa tena. Bando nayo huku bondeni hushika ukipanda juu ya tenki la maji, na magoti yangu hayapandi tenki. Nikakaa na shuka mapajani, majina yamenijaa mdomoni, nikaona yatazikwa na mimi.

Akampigia mume wake kwa kabambe yake, kale kasimu ka vitufe, akaweka sauti juu nisikie.

"Mama," mwanangu akasema, "kila simu hutoka kiwandani na nambari yake, kama ile alama tunakata ng'ombe sikioni. Ukimuuza Kisii atabadilishiwa kamba, sikio litabaki. Sasa Wi-Fi inaangalia sikio."

Nikamuuliza kwani sikio si aliliingiza mwenyewe.

"Niliingiza lile la kweli. Lakini simu za siku hizi zinalifunika. Zikifika kwa boma ya watu zinavaa la uongo, ndio zisifuatwe kila mahali zinapoenda. Nilisahau hiyo."

"Na hapa ni kwa watu? Iambie iko kwao."

Alicheka, akamwelekeza mke wake aingie kwenye mipangilio ya Wi-Fi, aiambie simu iache anwani ya kubuni, itumie ile ya kiwandani. Akabonyeza. Simu ikaingia kana kwamba haijawahi kutusumbua.

Mjukuu akatokea, macho mekundu. "Kogo, nilidhani umenisahau."

Nikamwambia alete mtoto karibu, nikaanza na mama yangu. Hakuna chafya. Nikapita kwa dada zake, kwa nyanya yake. Mtoto anapiga miayo tu, na mke wa mwanangu ananong'ona kwamba huyu labda ni mgeni kabisa. Nikamtaja shangazi ya baba yangu, yule mwenye pengo, aliyekufa kabla ya kuolewa, ambaye duniani hakuna mwingine anayemkumbuka.

Akapiga chafya mpaka kofia ikamfunika macho.

Mjukuu akamwita kwa jina hilo, pole pole, akijifunza kulitamka. Mimi nikaomba chai.