Shangazi Haombi Ruhusa

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akanisifu bure. Katika mji mdogo wa Ujerumani ninakoishi, uoga wangu huamka saa moja na nusu asubuhi, wakati binti yangu wa miaka saba anapobeba mkoba wake, anajifunga mkanda wa njano unaong'aa kuanzia begani hadi kiunoni, ananiaga kwa Kiingereza na kwenda shule peke yake. Peke yake kabisa. Shule ilituandikia barua: wazazi waagane na watoto mlangoni pa nyumba, mtoto ajifunze njia mwenyewe. Mke wangu, mzaliwa wa huko, aliisoma barua ile, akaibandika kwenye friji, akaenda kazini. Yeye mwenyewe alikwenda shule hivyo hivyo alipokuwa mdogo.

Mimi nilimfuata mtoto wiki mbili nzima. Nilijificha nyuma ya mapipa ya takataka nikimwangalia anavyovuka barabara. Walifundishwa shuleni: simama, nyosha mkono mbele, kiganja wazi, mtazame dereva machoni, na usihame mpaka asimame. Akifanya hivyo magari yote yanatulia. Mimi nyuma ya pipa jasho linanitoka.

Siku moja ajuza mmoja alitoka nyumbani kwake na simu mkononi, akaniuliza kwa nini ninajificha na kuangalia watoto wa watu. Kijerumani changu ni kibovu hata nikiwa nimetulia, na asubuhi ile kilinikauka mdomoni. Nilibaki nasema "papa, papa" huku nikionyesha barabara. Alikuwa ameshaanza kubonyeza namba. Mtoto alisikia kelele, akarudi, akamweleza kila kitu kwa Kijerumani chake cha haraka, kisha akanishika mkono akanirudisha nyumbani kama mbuzi aliyekata kamba. Sikumfuata tena. Lakini uso wa yule ajuza na ile simu yake sijavisahau.

Nyumbani tunaongea Kiingereza, na kosa ni langu. Nilitoka kwetu Kasongo nikiwa na miaka kumi, wakati wa vita. Mjomba alinipeleka Uganda, nikasoma kwa Kiingereza, nikachumbia kwa Kiingereza. Kiswahili kikabaki cha kuongea na mama kwenye simu. Mtoto alipozaliwa nilijiambia lugha mbili zinamtosha, ya tatu itamchanganya. Uongo mtupu. Nilikuwa mvivu tu.

Mama yangu alipoanza kuona kwa taabu, aliomba aletewe mjukuu kabla macho hayajafunga kabisa. Mke wangu hakupata likizo. Basi shule zilipofungwa tukasafiri wawili, mimi na mtoto, ndege hadi Kindu, kisha jeep na matope mpaka Kasongo.

Na Kasongo, niamini usiamini, niliacha kuogopa. Mtoto alizunguka nyumba hadi nyumba na mkanda wake wa njano, hataki kuuvua, na kila nyumba alipewa kitu cha kutafuna. Aliyemshika hasa ni dada yangu mkubwa. Sisi tunamwita mkubwa wetu Yaya, na mimi sijawahi kumwita vingine. Huyo ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Anauza chumvi na sabuni sokoni. Alimsuka mtoto nywele, akampaka mafuta ya mawese, usiku wa tatu akaenda kulala naye kwake, na hakuna aliyeniuliza.

Kwetu shangazi haombi ruhusa. Mtoto wa ndugu yake ni mtoto wake, anamchukua na kumrudisha atakapo, na baba ataambiwa akiambiwa. Hilo nililijua tangu utoto. Ila nilikuwa nalijua kama mtu anavyojua njia aliyoiacha miaka mingi, anadhani bado anaikumbuka.

Siku ya tisa asubuhi nilikwenda biro, ofisi ya serikali, kutafuta muhuri wa karatasi zetu za safari. Niliwekwa kwenye benchi mpaka karibu saa sita. Nilipofika nyumbani uwanja ulikuwa kimya. Mama alikuwa amekaa na ungo, anachagua mchele kwa vidole.

"Mutoto iko wapi?"

"Iko na shangazi yake."

"Wapi?"

"Wameenda Kabambare. Wakubwa wetu wa kule wanataka kumuona." Aliendelea kuchagua mchele.

Kabambare ni siku nzima ya pikipiki ukiwa na bahati. Na wiki ile, kila aliyetoka njia ile alikuwa na habari za watu wa bunduki upande wa Salamabila, na za familia zilizolala porini. Nilipiga simu ya Yaya, haipatikani. Nikapiga tena. Nilimwona akilini mtoto ameanguka katika tope, analia kwa Kijerumani. Nilimwona amepotea, anasema jina la barabara yetu na namba ya nyumba kama walivyomfundisha shuleni, na watu wanamtazama tu. Mtoto wangu hakuweza hata kusema "nina kiu." Mimi ndiye niliyempeleka bubu katika njia ile.

"Weye unaogopa nini?" mama aliniuliza. "Iko na mama yake."

Nilikuwa nimeshatoka mbio.

Kwenye kituo cha pikipiki waendeshaji walinizunguka, wakaniuliza kuna nini. Hapa lazima niseme maneno yangu kama yalivyotoka. Nilisema: "Kuna mwanamke ameiba mutoto wangu. Ameshika njia ya Kabambare."

Sikusema dada yangu. Sikusema shangazi yake. Nilijua vizuri kabisa kwamba nikisema shangazi watacheka na kuniambia nirudi nyumbani nikale. Nilitaka waogope pamoja nami. Na kweli waliogopa. Wawili walitoa simu papo hapo, wakawapigia wenzao wa mbele, wakaeleza: mwanamke mnene, mtoto mweupe, mkanda wa njano. Mtu mzima mmoja, mnyamavu, akawasha chombo chake akaniambia nipande.

Saa ya kwanza njiani nilikuwa na moyo mzito lakini nilijiona baba wa kweli, baba anayefanya kitu. Kisha yule mwendeshaji akageuza kichwa kidogo, akanifariji.

"Usiwe na shaka, papa. Watamushika. Mwizi wa mutoto huku hafiki polisi."

Ndipo nilipomkumbuka yule ajuza wa Ujerumani na simu yake, na jinsi nilivyosimama nyuma ya pipa bila neno la kujitetea. Na yule alikuwa na polisi wa kumpigia.

"Ni dada yangu," nikasema.

Alisimamisha pikipiki katikati ya njia. "Dada yako namna gani?"

"Shangazi ya mutoto. Tumbo moja."

Alinigeukia. Nilidhani atanipiga, na ningeona ni haki. Alitoa simu, akaiinua juu, akageuka huku na huku, hakuna mtandao. Akairudisha mfukoni, na tukaondoka kwa mwendo ambao mpaka leo nikiukumbuka nafumba macho.

Kila kijiji tulipunguza mwendo nikauliza. Walipita? Walipita, mtoto alitupungia mkono. Na mwanamke? Walikuwa wanacheka. Kwingine waliniambia alisimama kusalimia ndugu, akawaonyesha mtoto, wakampa ndizi. Kila waliponiambia amesimama nilizidi kuogopa, maana nilijua uongo wangu hausimami kusalimia mtu. Utafika mbele kabla yake.

Tuliwakuta kwenye bariyeri, kamba iliyofungwa toka mti hadi mti, kijiji kidogo kabla ya Wamaza. Watu walikuwa wengi. Mwenye pikipiki aliyewabeba alikuwa ameshakimbia. Yaya alikuwa amekaa chini kwenye tope, kitambaa cha kichwa kimetoka, mdomo unavuja damu. Wanaume walikuwa na fimbo. Pembeni mtu mmoja alikuwa anavingirisha tairi kuukuu kutoka nyuma ya nyumba, taratibu, kama mtu aliyetumwa kazi ya kawaida.

Mbele ya Yaya alisimama mtoto wangu. Alikuwa na mkanda wake wa njano. Mkono ameunyosha mbele, kiganja wazi, na alikuwa anamtazama machoni mwanaume mkubwa kuliko wote, kama walivyomfundisha. Mkono hakuushusha. Na wale watu walikuwa wamesimama. Nadhani hawakujua wafanye nini na mtoto wa namna ile.

"Shangazi," alikuwa anasema. "Shangazi yangu. Shangazi yangu."

Yalikuwa maneno ya Kiswahili. Yaya alikuwa amempa kwa siku nane kitu ambacho mimi sikumpa kwa miaka saba.

Nilipenya nikisukuma watu kwa viwiko. Nilisema: "Huyu ni dada yangu. Mutoto ni wake. Mimi ndiye nilisema uongo." Mara ya kwanza hakuna aliyesikia. Mara ya pili nilisema kwa sauti, na mara ya tatu nilipiga magoti pale pale kwenye tope karibu na Yaya, kwa sababu nilikuwa nimeona tairi limefika.

Yule mkubwa alishusha fimbo. "Weye uko na akili?" aliniuliza.

"Sina," nikamjibu.

Mwendeshaji wangu naye aliongea nao, akawaambia aliyoyasikia kwenye kituo na aliyoyasikia njiani. Walianza kutawanyika mmoja mmoja, wengine wakinitukana, na sikumlaumu hata mmoja. Hakuna aliyemwomba Yaya msamaha. Mama mmoja tu alitoka na maji katika sufuria, akamnawisha uso. Tairi lilibaki limelala njiani.

Nilimfungulia mtoto mikono. Hakuja. Alisimama upande wa Yaya, ameshika kitenge chake, akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, ni nini nilichowaambia wale watu. Nilishusha mikono.

Yaya alijifunga kitambaa chake upya. Alikitia fundo mara mbili. Kisha akasema, "Tunarudi." Basi Kabambare hawakufika. Wakubwa wa kule walikuwa wameshachinja kuku, walikaa wakingojea mpaka jua likatua, na habari iliyowafikia baadaye sijui ilikuwa na sura gani. Mwenye pikipiki wa Yaya alijitokeza kutoka porini akiwa bado anahema. Mtoto alipanda naye, mbele ya shangazi yake. Mimi nilipanda na yule wangu mpaka Kasongo.

Mama nilimwambia yote mwenyewe. Alisikiliza, akasimama, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akaingia ndani. Siku tano zilizobaki Yaya alinisalimia kila asubuhi, alinipikia sombe, mboga ya majani ya muhogo anayojua naipenda, alinikaribisha mezani. Ila mtoto alilala kwangu. Jioni ikifika Yaya mwenyewe alimleta mpaka kizingitini, akamwachia pale, akarudi kwake. Mtoto alinitazama kama mimi ndiye niliyetoa amri hiyo. Nilitamani Yaya anitukane. Nilitamani anitie kofi mbele ya majirani, kama zamani nilipomwaga maji. Alinipakulia sombe tu.

Siku ya kuondoka jeep ilikuja asubuhi. Uwanja ulijaa. Ndugu walipokezana mtoto mkono hadi mkono, huyu anambusu, yule anamtia karanga mfukoni, na yeye anacheka na kusema maneno yote aliyojifunza, maji, njoo, asante, kesho. Yaya alisimama kando karibu na jiko, mikono ameikunja ndani ya kitenge. Kidonda cha mdomo kilikuwa kimeanza kukauka.

Mtoto alimwona, akanyosha mikono yote miwili. "Shangazi yangu."

Yaya hakusogea. Alinitazama mimi, mbele ya ndugu wote, mbele ya mama, na akaongea kwa ile sauti ambayo watu wanaitumia biro, mbele ya meza ya mkubwa.

"Papa wa mutoto," alisema, "naomba ruhusa. Naweza kumubeba?"

Mama alijifunika uso kwa upande wa kitenge chake.

Nikasema ndiyo, unaweza. Ndipo akambeba.